Jumapili za Muhazi

Mwezi uliopita tulimsomea hitma Shangazi Hadija, katika nyumba yake ile ile ya mtaani kwetu Biryogo, wanaume wakiwa kibarazani na sisi wanawake tumebanana chumba cha ndani, miguu ya huyu juu ya nguo ya yule. Sinia la pilau lilipofika mbele yetu, mke wa binamu yangu mmoja, bibi harusi wa juzi tu, akaniinamia na kuniambia kwamba amesikia marehemu hakumpenda mume wangu hata siku moja. Nilitafuna nyama yangu mpaka ikaisha. Watu wakishakufa, kila aliyewakuta mwishoni mwa safari anajifanya alianza nao. Nikamwambia ale, pilau linapoa. Lakini tangu siku hiyo mwaka ule umenikaa kichwani, mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, na sasa naona afadhali niuandike mwenyewe kabla hawajaumaliza kwa kuusimulia. Ya ukoo wetu siyaelezi. Wanaotujua wanatujua, na wasiotujua hawajapungukiwa na kitu.

Tulikaa vyumba viwili nyuma ya nyumba ya Shangazi, ukuta mmoja kati yake na sisi, na ukuta wenyewe mwembamba kiasi kwamba akikohoa kwake mimi naitikia pole. Asubuhi nilishona kwenye kibaraza cha mbele pamoja na mafundi wengine, na mume wangu Idrisa alikwenda Kicukiro sokoni, ambako alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio. Idrisa alikulia Burundi, Bujumbura, karibu na ziwa. Aliitwa Nestori na alibatizwa Mkatoliki, mpaka aliponipenda akasilimu, akatoa shahada mbele ya Baba Mkubwa, mkuu wa ukoo wetu, na watu wote wa mtaa. Kwetu mtu wa namna hiyo hupokewa kwa mikono miwili, na macho manne. Shangazi, ambaye kwa desturi ya hapa ndiye mshauri wa ndoa ya binti wa kaka yake, alichukua kazi hiyo kwa moyo wote. Jioni nilimsikia upande wa pili wa ukuta akimwambia jirani kuwa aliyesilimu kwa ajili ya mke, siku mke akimchosha, atairudia njia aliyojia. Alisema kwa sauti ambayo haikukusudia kujificha.

Ningependa kusema nilimtetea, lakini mimi ni mtu wa kushuku tangu utotoni, na sioni haya. Nyanya nikinunua nazigeuza zote. Na Idrisa alinipa ya kushuku kila siku. Msikiti uko karibu nasi hivi kwamba adhana ikianza vikombe vinatetemeka kabatini, na yeye alikuwa anakaa pale pale, anakoroga chai yake, mpaka anione mimi natandika mswala ndipo anaruka kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni. Ukimwita kwa nyuma hageuki. Ukimuuliza jambo mbele ya watu, anatabasamu na kutikisa kichwa kukubali, na baadaye unakuta hakufanya hata moja katika uliyomwambia. Tukienda kula kwa watu anachagua kona, mgongo ukutani, anawatazama wasemaji midomoni bila kupepesa, na Shangazi alisema hayo ni macho ya mpelelezi. Kisha kulikuwa na ile ya chai. Kila aliponimiminia, alikunywa kwanza funda moja katika kikombe changu ndipo akanipa. Najua ni adabu yao, mwenye kukaribisha anaonja ili mgeni ajue hakuna sumu. Lakini nilijiuliza, kwa nini mtu anayekupenda aanze siku yake kwa kufikiria sumu?

Zaidi ya yote kulikuwa na Jumapili. Kila Jumapili asubuhi alivaa shati safi, akachukua mfuko wa kamba, akaondoka, na kurudi jua limeshuka, uso umeungua, mwenye furaha. Nilipouliza, alijibu anakwenda Muhazi, ana mtumbwi. Muhazi ni ziwa, hilo nalijua, liko mashariki ya mji na si mbali. Lakini fundi redio wa Kicukiro ana mtumbwi wa nini? Jumapili moja, kabla hajatoka, nikapekua ule mfuko. Nikakuta mkate, chupa ya chai, na redio ndogo ya mkononi yenye betri mpya. Nikaiwasha polepole, nikakutana na kwaya na sauti ya padri. Niliizima haraka, nikakaa kitandani nimeshika mfuko. Shangazi aliponiona usoni tu alijua, maana alikuwa na pua ya habari mbaya, akaniambia, "Zuhura mwanangu, huyu bwana yako iko na jambo. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Na kama amerudi kwa kanisa, unajua ndoa haiko tena." Nilijua. Kwetu hilo halina mjadala, mume akiacha dini ndoa imevunjika, na Baba Mkubwa hangesita hata saa moja kunirudisha chumba cha wasichana. Na mimi, pamoja na shuku zangu zote, nilikuwa nampenda yule mtu mpaka nikimwona anakuja na vumbi lake la Kicukiro naiacha sindano katikati ya kitambaa. Ndiyo maana niliogopa.

Jumapili iliyofuata nikamwambia tunakwenda wote. Alifurahi sana, na furaha yake nikaishuku pia. Mtumbwi kweli ulikuwepo, umefungwa kwenye mafunjo chini ya shamba la migomba la mvuvi mmoja mzee aliyemuuzia. Ulikuwa wa mbao, mfupi, umezibwa nyufa kwa lami, na nanga yake ilikuwa diski mbili za breki za lori zilizofungwa kwenye kamba. Mimi maji nilikuwa nayajua ya ndoo. Nilikaa katikati, nimeshika pande zote mbili kana kwamba mtumbwi utaniponyoka, na Idrisa akapiga makasia akiwa amenielekea, anacheka. Niseme ukweli, palikuwa pazuri. Muhazi ni ziwa jembamba na refu, na pande zote mbili lina vihori, yaani mikono ya maji inayoingia kati ya vilima na kukunja kona, ukiingia humo ziwa lote linapotea nyuma yako. Maji yalikuwa ya kijani, vilima vimelimwa mpaka juu, na midiria, wale ndege wavuvi, wananing'inia hewani kabla ya kujitupa chini. Nilitafuta kila mahali mnara wa kanisa.

Tulichokifanya siku ile, na Jumapili nyingi baada yake, sikukielewa. Aliingia kwenye kihori, akashusha nanga kwa taratibu kabisa isipige maji, akaketi. Havui samaki, haogelei. Anakaa kimya ameinamisha kichwa, kisha anaitoa ile redio, anaiwasha kwa sauti ndogo mno, anaiweka mwisho wa mtumbwi, halafu anarudi kukaa mwisho mwingine. Baada ya muda anatikisa kichwa kukataa, anavuta nanga, tunaondoka. Kihori cha kwanza kilikuwa na mashine ya kusaga mihogo juu ya kilima. Cha pili kilikuwa na watoto wanaonywesha ng'ombe na kupigiana kelele. Kingine kilikuwa kizuri ajabu, mafunjo yamekizunguka kama ua, lakini upepo ulipitia humo na mafunjo yakawa yanasuguana siku nzima. Kisha tukaingia kihori kimoja kipana, na kabla nanga haijagusa chini, kwaya ya kanisa ikashuka kutoka kilimani, wazi kabisa, na ngoma zake. Nilimtazama usoni nione kama anafurahi. Alikunja uso, akavuta kamba haraka, akapiga makasia mpaka jasho likamtoka. Nilifarijika kidogo tu. Mtu anaweza kukimbia kitu kwa sababu anakichukia, au kwa sababu mke wake yuko pale.

Mara mbili tatu sisi nasi tulishukiwa. Watu wa vilimani wanajua mvuvi, wanajua msafiri anayevuka ng'ambo, lakini watu wawili waliovaa vizuri wanaotia nanga mahali pasipo na kitu na kukaa tu, hao hawajawahi kuwaona. Kiongozi wa mtaa mmoja alishuka mpaka majini, suruali ameikunja, akataka vitambulisho na kutuuliza kwa Kinyarwanda tunafanya nini. Idrisa akatabasamu na kukubali kwa kichwa. Mimi nikajibu kwamba tunapumzika. Akasema kupumzika kunafanyika nyumbani. Hata mimi nilikuwa upande wake. Nikamwahidi tutaondoka, na tukaondoka.

Alinipa kazi pia. Alitaka nishone turubai la kivuli juu ya mtumbwi, ila lisipigwe na upepo likapapatika. Nilishona la kwanza, likapapatika. La pili nalo. La tatu nikalikata pindo lake kwa upinde, nikapitisha kamba ndani yake kama mshipi wa suruali, na likikazwa lilitulia kama ngozi ya ngoma. Akalipiga kwa kidole, akashika kichwa changu akanibusu kwenye utosi, mchana kweupe. Nilipenda, halafu nikaanza kufikiri ni mtu wa aina gani anayechukia hata kelele ya kitambaa, na ananipeleka kila mara mahali ambapo nikipiga ukelele hakuna atakayesikia.

Tulikipata kihori chetu baada ya mvua ndefu kwisha. Mdomo wake umefichwa na mafunjo, unapita ukiwa umeinama, kisha maji yanafunguka mduara kama sinia. Miteremko yake ni mikali hivyo haijalimwa, haina njia wala nyumba, na upepo unapita juu bila kushuka. Idrisa alishusha nanga, akakaa, akaiweka redio yake mwisho wa mtumbwi. Safari hii hakutikisa kichwa. Alifumba macho. Nikaona nafasi yangu imefika. Nilikuwa nyuma yake, hanioni, na kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kwa shida nikasema, "Nestori." Aligeuka pale pale. Nyumbani namwita Idrisa mpaka jirani anaitika na yeye hageuki, na hapa jina la ubatizo nalinong'ona tu anageuka. Nikamwambia yote niliyoyabeba, ya adhana, ya padri ndani ya redio, ya Shangazi, nikamwambia aseme kama anakwenda kanisani, nijue mapema.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunitazama mdomoni, na hilo nalo lilikuwa jipya. Kisha akasema, "Zuhura, mimi sisikii." Alieleza polepole, mikono imelala magotini. Alipokuwa kijana Bujumbura aliumwa malaria mbaya, wakamchoma kwinini nyingi, na alipopona masikio hayakurudi yote. "Kwa mji maneno yote inakuja pamoja, na pikipiki, na cherehani, na adhana, yote inakuwa kitu moja. Hapa inakuja moja moja. Leo ndiyo nimesikia sauti yako vizuri. Sikujua iko hivi." Ile redio alikuwa anaitumia kupima utulivu wa mahali. Stesheni hakuijali, hata hakujua Jumapili saa ile wanaweka misa. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia kabla ya ndoa. Akasema aliogopa nitamkataa, na sikuwa na hakika kwamba amekosea. Halafu akaniomba nisimwambie mtu yeyote. "Fundi wa redio asiyesikia, nani atamletea redio?" Kweli, kule kibandani alikuwa anagusa spika kwa ncha ya kidole, au anaegemeza redio kwenye taya, na wateja walidhani ni ufundi wa Burundi. Wangejua, wangehamia kibanda cha pili siku hiyo hiyo. Nikaapa sitasema. Nililia pale mtumbwini, kwa huruma na kwa hasira, kwa sababu miezi yote ile nilikuwa nimeolewa na mtu ambaye hajawahi kunisikia.

Leo nikiwa na mvi zangu naweza kusema kwamba Jumapili zilizofuata ndizo harusi yangu hasa. Tulikula mkate na sambusa zangu baridi, tukazungumza. Alitaka kusikia upya kila kitu alichokosa, hata ugomvi wetu wa mwezi wa kwanza alitaka niurudie ili ajue alikuwa anakubali nini. Alinionjea chai na mimi nikanywa bila neno. Leo kibanda hana tena, masikio yamefunga kabisa, na tunaongea kwa midomo na mikono, lakini sauti yangu anaijua, kwa sababu aliipata ingali inapatikana. Biryogo niliporudi nilianza kumgusa bega wakati wa adhana, na kukaa mbele yake nikisema. Nilidhani nimeziba ufa. Kumbe Shangazi alikuwa ameshaona kwamba sasa na mimi naondoka kila Jumapili, nimevaa vizuri, narudi nina furaha, na ameshapeleka habari kwa Baba Mkubwa kuwa wamepotea wote wawili.

Kikao kikaitwa sebuleni kwa Shangazi, alasiri ya siku ya kazi, nyumba imejaa. Baba Mkubwa alikaa kwenye kiti cha mkono, na ndugu wengine wakajipanga kwenye makochi na mikeka. Idrisa wakamweka katikati ya chumba, ambapo hana ukuta wala kona. Dirisha lilikuwa wazi. Nje cherehani zote za kibarazani zinakwenda, mchoma nyama anapepea mkaa na kuita wateja, pikipiki zinapiga honi kwenye uchochoro, na ndani kila mtu ana la kusema na analisema pamoja na mwenzake. Niliona macho yake yanakimbia kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, yanachelewa kila mahali. Nilikuwa nimekaa mbali na mlango, kwa wanawake. Nilijua nikisimama na kusema hasikii, ndoa yangu imepona na kibanda chake kimekufa, kwa sababu siri ya watu wengi kiasi kile Biryogo inafika Kicukiro kabla ya magharibi. Na nilikuwa nimeapa.

Ndipo Baba Mkubwa akamuuliza. Aliuliza moja kwa moja, bila kupaza sauti, akiwa ameshika ndevu zake hivi kwamba mkono umeziba nusu ya mdomo, kama ni kweli anakwenda kanisani siku ya Jumapili. Na Idrisa akafanya alivyozoea kufanya miaka yote akiwa hajui ameulizwa nini. Alitabasamu, akatikisa kichwa kukubali.

Kulikuwa na mtu aliyesema innalillahi. Shangazi akafumba macho. Baba Mkubwa akashusha mkono kutoka ndevuni, akavuta pumzi ya kusema lile neno ambalo likishasemwa haliokotwi. Sijui miguu yangu iliamka vipi. Nikasema, "Baba Mkubwa, nakuomba usiseme bado. Utamuuliza tena." Wakaanza kunizomea, mimi nikapita katikati yao mpaka dirishani, nikalifunga. Nikafungua mlango, nikatoka kibarazani, nikawaambia mafundi wenzangu waache cherehani, wote, nitawaeleza siku nyingine. Walinishangaa, lakini waliinua miguu yao. Mchoma nyama nikamwomba asiite watu kidogo. Nilirudi ndani nikafunga mlango, nikamgeukia kila aliyekuwa anasema nikamtazama mpaka akanyamaza, wakubwa kwangu na wadogo, jambo ambalo hadi leo nastaajabu halikuniletea laana. Idrisa alikuwa ananitazama. Nilimwona anaanza kujua ninafanya nini, na mabega yake yakashuka. Nikasogeza kiti cha Baba Mkubwa, na yeye mwenyewe amekaa juu yake, kikatazamana na mume wangu. Nikasema, "Sasa muulize."

Baba Mkubwa aliuliza tena, safari hii polepole, kwa sababu na yeye alikuwa ameshangaa.

"Hapana, Baba Mkubwa," Idrisa akajibu. "Tangu nimesema shahada mbele yenu, kanisa sijaingia."

"Sasa Jumapili mnakwenda wapi?"

"Kwa ziwa. Tunatia nanga mahali haiko watu."

"Kufanya nini?"

Idrisa alinitazama mimi, kisha akamtazama Baba Mkubwa machoni, wala si mdomoni. "Naenda kumsikia bibi yangu," akasema.

Hakuna aliyecheka. Baba Mkubwa akamtazama Idrisa, akatazama dirisha lililofungwa, akanitazama mimi niliyesimama na mkono bado kwenye kiti chake. Lile neno hakulisema tena. Shangazi alikuwa amefumbua macho. Alikuwa anamwangalia Idrisa kama vile ninavyoangalia mimi nguo iliyoletwa na fundi mwingine, anatafuta mshono ulipopita. Nje mtu akagonga mlango, mmoja wa mafundi, akauliza kama wanaweza kuendelea, kuna mteja anangoja koti lake.

"Waambie wangoje kidogo," Shangazi akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kumsikia nayo. Akainuka, akavuta kigoda chake mpaka mbele ya Idrisa, akaketi karibu hivi kwamba magoti yao yakataka kugusana, akamsubiri amtazame. Kisha akamuuliza kama ameshakula.

Idrisa akasema hajala.